Jua Ndani ya Chupa: Jinsi Miale Inavyovunja Vimeng'enya vya Viini



Kuna swali moja ambalo haliishi kila kikundi kinapofundishwa kusafisha maji ya kunywa kwa jua. Mtu huinua mkono na kusema: "Maji ya kuchemsha tunayaona yakitoa mapovu, na tunajua viini vimekufa. Haya ya chupa hata hayajafika moto wa kuoga. Sasa viini vimekufa na nini?"

Ni swali la haki kabisa. Mara nyingi jibu linalotolewa ni fupi: "Jua linaua viini, wataalamu wamesema." Basi mama anarudi nyumbani, anaweka chupa kwenye mabati siku tatu nne, kisha anaacha. Hawezi kuaminia tumbo la mtoto wake jambo ambalo hakulielewa. Katika makala hii tutaeleza kinachotokea ndani ya chupa, kwa sababu anayeijua sababu hahitaji kukariri masharti. Atayafuata mwenyewe.

Wafanyakazi ndani ya seli

Kila chenye uhai kimejengwa kwa seli. Jani la kunde, mbuzi, mkono wako, vyote ni seli nyingi zilizoshikana. Kiini cha kipindupindu au cha homa ya matumbo ni seli moja tu, peke yake, ndogo hivi kwamba haionekani bila hadubini. Hata hivyo ndani ya hiyo seli moja mna kazi nyingi mchana na usiku: chakula kinavunjwa, nguvu inatengenezwa, takataka inatolewa nje, ukuta unazibwa unapotoboka.

Kazi hizi zinafanywa na vimeng'enya. Kimeng'enya ni aina ya protini, na kila kimoja kina kazi yake. Huhitaji maabara kuviona vikifanya kazi. Tafuna ugali mkavu polepole bila kumeza, utaona unaanza kuwa mtamu. Hicho ni kimeng'enya cha mate kinachogeuza wanga kuwa sukari. Mtama ukilowekwa ukachipuka, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea, vimeng'enya vya ile mbegu ndivyo vinavyoutia uji utamu. Lakini ukikitia kimea kwenye uji unaochemka kwa nguvu, hakifanyi kitu. Moto umeshaviharibu vimeng'enya vyake.

Fikirieni mwethya uliokwenda shambani kuchimba matuta. Watu wapo, nguvu wanazo, lakini majembe yote yamepindwa. Jioni hakuna tuta hata moja. Kimeng'enya hufanya kazi kwa sababu ya umbo lake, kama jembe. Ukilipinda umbo, protini bado ipo, ila kazi hakuna. Yai likikaangwa, ute wake unageuka mweupe na mgumu na haurudi tena kuwa maji. Ni protini iliyopoteza umbo. Kuchemsha maji kunaua viini kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo moto tunaujua. Njia ya pili ya kuharibu vimeng'enya, ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni, ni mwanga.

Ukoo wa miale

Mwanga wa jua ni mmoja tu katika ukoo mkubwa unaoitwa mnururisho wa sumakuumeme, yaani nguvu inayosafiri kwa mawimbi bila kuhitaji waya wala hewa. Katika ukoo huo mna mawimbi ya redio, mawimbi ya simu, joto unalolihisi ukikaa karibu na makaa, mwanga tunaouona kwa macho, urujuanimno ambao hatuuoni, na miale ya eksirei ya hospitalini. Kinachowatofautisha ndugu hawa ni urefu wa wimbi. Wimbi likiwa fupi, nguvu ya kila pigo lake ni kubwa zaidi.

Hapa nijibu lile swali la mlingoti wa simu, maana huulizwa kila mahali mlingoti mpya unaposimamishwa. Mawimbi ya redio na simu ni marefu, na pigo lake moja halina nguvu ya kuvunja kiungo cha protini wala cha DNA. Yakiwa makali sana hupasha joto, na hivyo ndivyo jiko la maikrowevu linavyopika. Lakini kiasi kinachomfikia mtu aliye chini karibu na mlingoti ni kidogo mno kuliko hicho. Mwaka 2011 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo "huenda" vikaleta saratani, kundi ambalo ushahidi wake ni mchache, na uchunguzi umeendelea tangu hapo. Mimi kwa maoni yangu ningemwogopa zaidi yule ndugu wa urujuanimno anayetupiga utosini kila adhuhuri bila mtu kumwitia mkutano.

Urujuanimno una daraja tatu, nazo huitwa A, B na C. C ndiyo kali kuliko zote, lakini inazuiwa na tabaka la ozoni juu angani, haitufikii. B inatufikia kiasi, na ndiyo inayounguza ngozi, lakini inazuiwa kwa sehemu kubwa na plastiki ya chupa. A, ambayo mawimbi yake ni ya nanomita 315 hadi 400, inapenya plastiki safi isiyo na rangi na kuingia majini. Hiyo A, pamoja na mwanga wa zambarau na wa buluu ulio jirani yake, ndiyo inayofanya kazi ndani ya chupa yetu.

Kinachotokea ndani ya kiini

Ndani ya seli ya bakteria mna chembe fulani zinazopokea mwanga, kama vile nguo nyeusi inavyopokea joto. Zikishapokea, zinaipitisha ile nguvu kwa oksijeni iliyo majini. Oksijeni iliyopewa nguvu namna hiyo inakuwa kali na yenye fujo. Inaunguza kila kilicho karibu nayo, kidogo kidogo, kama kutu inavyokula mabati. Na kilicho karibu zaidi ni vimeng'enya.

Kuna kimoja kinachostahili kuelezwa kwa kirefu, nacho ni katalesi. Umewahi kuoshwa kidonda kwa ile dawa inayotoa povu jeupe? Dawa hiyo ni haidrojeni peroksaidi. Povu lile linatokana na katalesi iliyo katika damu na seli zako, ambayo inaivunja sumu hiyo kuwa maji na oksijeni. Sasa, peroksaidi pia hutengenezwa ndani ya seli yenyewe kila siku kama takataka ya kazi zake, na bakteria wengi, wakiwemo wa kuharisha, wanayo katalesi ya kuiondoa. Jua linafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: linaongeza sumu hiyo ndani ya seli, na linaiharibu katalesi ambayo ingeiondoa. Ni kama mtu anayemwaga takataka uani kwako huku amekuvunjia ufagio.

Watafiti wa taasisi ya maji ya Eawag huko Uswisi, katika kazi zao zilizochapishwa kati ya 2006 na 2010, waliwatazama bakteria aina ya E. coli hatua kwa hatua juani. Waliona kwamba seli haifi ghafla. Mapema kabisa vimeng'enya vya kutengeneza nguvu vinasimama, na pampu zinazotoa vitu vibaya nje ya seli zinanyamaza. Baadaye ukuta wa seli unapoteza uwezo wake, haiwezi tena kuvuta chakula. Mwisho ukuta unavuja. Na jambo la maana kwetu ni hili: seli iliyopigwa vya kutosha huendelea kufa hata ikiwekwa gizani, kwa sababu nguvu ya kujirekebisha haina.

Lakini zingatia neno "vya kutosha". Seli iliyoumizwa nusu inavyo vimeng'enya vya kujitibu. Mwaka 1949 Albert Kelner wa Marekani aligundua kwamba viumbe wadogo waliopigwa urujuanimno wanaweza kupona wakipata mwanga wa kawaida. Baadaye ikajulikana kwamba wana kimeng'enya kinachotumia mwanga huo kuziba majeraha ya DNA. Kwa hiyo mtu anayeanika chupa kwa masaa mawili akaitoa amewaumiza viini bila kuwamaliza.

Habari yenyewe si mpya. Waingereza wawili, Downes na Blunt, walionyesha mwaka 1877 kwamba mwanga wa jua unazuia bakteria kuota katika mirija ya kioo. Aliyeifanya kuwa jambo la nyumbani ni Profesa Aftim Acra na wenzake katika Chuo Kikuu cha Marekani cha Beirut, Lebanoni. Walikuwa wakitafuta njia rahisi ya kupata maji salama ya kukorogea chumvi na sukari ya watoto wanaohara, wakachapisha matokeo yao mwaka 1980.

Masharti na sababu zake

Kwanza chupa. Tumia ile ya plastiki angavu ya soda au maji, ya lita moja hadi mbili. Chupa ya kijani au ya kahawia haifai, maana rangi ile inaizuia miale tunayoitaka. Bandua karatasi yote. Mtungi wa lita ishirini haufai hata ukiwa mweupe, kwa sababu plastiki yake haipitishi miale vizuri, na pia miale hufifia inavyozama majini. Ndiyo sababu chupa hulazwa, haisimamishwi: ikilala, maji hayawi na kina kirefu.

Maji nayo yawe maangavu. Chembe ya udongo ni kivuli cha bakteria. Jaza chupa, isimamishe juu ya gazeti, kisha chungulia kutoka mdomoni hadi chini. Ukiweza kusoma kichwa cha habari, maji yanafaa. Yakiwa na matope, yaache yatulie usiku kucha, uyachuje kwa leso safi iliyokunjwa mara kadhaa. Wengine hutumia mbegu za mlonge zilizopondwa, nazo husaidia kushusha tope.

Hapa sisi wa Ikutha na Kitui kwa jumla tuna bahati ambayo wengi hawaioni kuwa bahati. Mito yetu ni ya mchanga, na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL pamoja na vikundi vya wananchi wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga Kitui. Maji yaliyopita mchangani hutoka yakiwa maangavu, na maji maangavu ndiyo jua linayoyataka. Tusidanganyike tu kwamba yakiwa maangavu basi ni salama. Shimo lililochimbwa mtoni ambapo punda na ng'ombe wanakunywa, na mvua inateremsha kila kitu kutoka vichakani, lina viini hata kama unaona mchanga wa chini. Maji ya silanga na ya madimbwi ni magumu zaidi. Hayo yachujwe kwanza, au yachemshwe.

Jaza chupa robo tatu, funga, itikise kwa nguvu kwa muda wa sekunde ishirini, kisha ijaze kabisa. Sasa unajua kwa nini. Jua linahitaji oksijeni ili kuunguza vile vimeng'enya, na kutikisa kunaiingiza majini. Maji yaliyokaa mtungini siku nyingi yana oksijeni kidogo.

Laza chupa kwenye mabati, mahali ambapo kivuli cha mwembe au cha ukuta hakitafika. Mabati yanasaidia kwa sababu yanaongeza joto. Maji yakizidi nyuzi 45 hivi, joto na mwanga vinashirikiana: mwanga unavunja vimeng'enya, na joto linaizuia seli kuvitengeneza vingine. Yakifika nyuzi 50, saa moja yatosha. Lakini nani ana kipimajoto nyumbani? Fuata masaa sita. Na nasema masaa sita, si saa sita ya mchana! Wapo waliosikia "saa sita" wakatoa chupa adhuhuri. Weka saa tatu asubuhi, toa saa tisa alasiri. Ikiwa mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya mbingu, kama asubuhi nyingi za mwezi wa saba, ziache chupa siku mbili mfululizo. Siku ya mvua ya kutwa usijaribu. Kinga maji ya mabati, na uyachemshe au uyatie dawa ya klorini.

Baada ya hapo yanywe kutoka chupa ile ile au yamimine katika kikombe safi. Kuyamwaga ndani ya mtungi wa zamani ni kuyarudisha kwa viini, kwa sababu jua halikuacha dawa yoyote majini. Klorini hubaki ikilinda, mwanga haubaki. Chupa iliyokwaruzika mpaka ukawa huoni vizuri upande wa pili, itumie kwa mafuta ya taa na utafute nyingine.

Wapo wanaouliza kama plastiki haiyeyuki ikatutia sumu. Watafiti wa Uswisi walipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2008. Kemikali zilizotoka kwenye chupa za aina hii zilikuwa chache, kiasi sawa na kile kinachopatikana katika maji ya chupa ya dukani.

Je, watoto walipona kweli?

Ushahidi mwingi mzuri umetoka hapa kwetu Kenya, kwa jirani zetu wa Kajiado. Daktari Ronán Conroy wa Ireland na wenzake walifanya kazi na familia za Kimaasai miaka ya 1990. Kila mtoto alipewa chupa. Nusu waliambiwa waziweke juu ya paa, nusu wakaziweka ndani ya nyumba. Katika uchunguzi uliochapishwa 1996 walikuwamo watoto 206 wa miaka 5 hadi 16, nao ulichukua majuma 12. Kuhara, hasa kule kukali, kulipungua kwa waliotumia jua. Uchunguzi wa pili, uliochapishwa 1999, ulifuata watoto 349 walio chini ya miaka 6. Katika kila kipindi cha majuma mawili, karibu 49 kati ya 100 wa chupa za juani walihara, na 58 kati ya 100 wa chupa za ndani.

Utasema tofauti hiyo ni ndogo. Ni kweli, ni ndogo. Mtoto hapati kuhara kwa maji ya kunywa peke yake. Mikono, nzi, chakula kilicholala, vyote vina njia yao.

Kisha kikaja kipindupindu, ugonjwa ambao njia yake kubwa ni maji. Watafiti walirudi kwa familia zile zile wakahesabu. Katika watoto 155 walio chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya jua, watatu waliugua. Katika 144 waliokunywa maji ya chupa zilizokaa ndani, waliugua 20. Matokeo hayo yalichapishwa 2001. Kwa watoto wakubwa na watu wazima tofauti haikuonekana, labda kwa sababu wao hunywa popote wanapotembea. Hata hivyo, watatu kwa ishirini ni hesabu ambayo mzazi yeyote anaielewa. Baadaye, huko Nakuru, uchunguzi uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba siku za kuhara damu kwa watoto wa chini ya miaka 5 zilipungua kwa asilimia 44.

Lazima pia tuseme habari ya Bolivia, Amerika ya Kusini. Huko uchunguzi mkubwa uliochapishwa 2009 haukuona faida ya kutegemewa. Walipokwenda kuhesabu, waligundua kwamba karibu thuluthi moja tu ya watu waliopewa njia hii walikuwa wakiitumia. Jua la Bolivia lina nguvu za kutosha. Chupa ndizo hazikupanda paani. Mimi nadhani habari hii inafaa kusomwa katika mkutano wa kikundi kuliko ile ya Kajiado, kwa sababu kazi ya kutembeleana na kuulizana "mama nanihii, chupa zako ziko wapi leo?" ni kazi ambayo kikundi kinaweza na mtaalamu hawezi.

Lisiloweza jua

Jua halitoi chumvi. Visima vingi vilivyochimbwa na mashine upande wetu wa Kitui Kusini ni vya maji ya chumvi, na chumvi haina kimeng'enya cha kuvunjwa. Itabaki ilivyo. Vivyo hivyo floridi, dawa za kunyunyizia pamba na mikunde, na madini mengine.

Virusi ni habari ya kati. Virusi si seli. Havina vimeng'enya vya kutengeneza nguvu wala pampu za kusimamishwa. Miale inabidi ipige ganda lake au chembe zake za urithi, kwa hiyo vingi huchukua muda zaidi kuliko bakteria. Kuna pia vijidudu vinavyojifunga ndani ya ganda gumu, kama kriptosporidio, ambavyo masaa sita huenda yasivimalize vyote. Nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu au mtoto aliyedhoofika sana, ambayo ina kuni za kutosha, ichemshe maji ya huyo mmoja. Wengine watumie chupa.

Mwanga usioutaka: majani ya kunde

Miale haichagui seli. Inayovunja katalesi ya kiini inaharibu pia vitu vizuri. Kila baada ya mvua akina mama huanika majani ya kunde ili yatumike wakati wa kiangazi, na wengi huyatandaza juani moja kwa moja, tena yakiwa mabichi. Hapo hasara mbili hutokea. Mwanga na hewa vinaiunguza karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho ya watoto. Na ndani ya jani vimeng'enya vyake vinaendelea na kazi baada ya kuchumwa, vinamaliza kilichobaki na kulitia jani harufu ya nyasi kavu.

Njia ya kuzuia yote mawili si ngumu. Chovya majani katika maji yanayotokota kwa dakika mbili au tatu, kisha yatoe. Moto huo mfupi unapinda majembe ya vile vimeng'enya. Halafu yaanike kivulini penye upepo, au ndani ya sanduku la kukaushia lililofunikwa kitambaa cheusi, ili joto lifike lakini mwanga usifike. Jani likikauka likabaki na kijani chake, umefaulu. Likiwa la manjano iliyopauka, umekausha makapi.

Ngozi yetu

Seli za ngozi zinapigwa na jua lile lile. Zina ulinzi wa aina mbili. Wa kwanza ni vimeng'enya vinavyozunguka vikikata na kushona upya DNA iliyoharibiwa na miale ya B. Kazi hiyo inaendelea mwilini mwako sasa hivi unaposoma. Mwaka 2015 Tomas Lindahl, Paul Modrich na Aziz Sancar walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kueleza jinsi seli zinavyoitengeneza DNA yao. Wa pili ni melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi, inayotengenezwa kwa msaada wa kimeng'enya kiitwacho tairosinesi. Melanini ni mwavuli juu ya seli.

Ndugu zetu wenye ualbino wamezaliwa na kasoro katika kazi hiyo ya kutengeneza melanini. Si laana wala si kosa la mama. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe wanaweza kuwa weusi kabisa. Vimeng'enya vyao vya kutengeneza DNA vipo na vinafanya kazi kama vya mtu mwingine, lakini bila mwavuli mapigo ni mengi kuliko mafundi. Ndiyo maana saratani ya ngozi huwajia mapema. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 9,729 wenye ualbino, na baadhi yao wako katika vikundi vyetu hivi hivi.

Mara nyingi mwanachama mwenye ualbino hutozwa faini kwa kutofika kwenye kazi ya kuchimba bwawa au matuta saa tano ya mchana. Kikundi kinaweza kumpa zamu ya alfajiri kabla ya saa tatu, au kazi ya kivulini kama kuandika daftari na kutunza mbegu, na kikafuta faini hizo. Shati la mikono mirefu na kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote ni lazima, maana kofia ya mbele tu huacha masikio na shingo. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa na mpango wa kutoa bila malipo mafuta ya kujikinga na jua kwa waliosajiliwa. Aliye na ualbino na hajasajiliwa aanze kwa kuuliza katika hospitali ya serikali iliyo karibu au kwa ofisi ya baraza hilo katika kaunti. Kidonda chochote cha ngozi kisichopona kwa mwezi mmoja, hata kikiwa kidogo kama punje ya mtama na hakiumi, kionyeshwe daktari.